Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kwa Nini Visiwa Vingine Vinazuia Meli Kubwa za Watalii?

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake unaijua. Mgeni akija nyumbani kuku huchinjwa, na hata watoto wa nyumba hupata mnofu. Lakini wahenga haohao walisema tena, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Kwa hiyo hata wao walijua kwamba ugeni una kiasi chake.

Majuzi katika darasa moja la kisomo huku Kisarawe tulisoma habari ya visiwa vinavyozuia meli kubwa za watalii. Mama mmoja akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, hii imenishinda. Sisi tunalilia wageni waje wanunue mikeka na vikapu vyetu. Wenzetu wageni wanawafuata mpaka mlangoni, halafu wanawakataza. Hao wana akili kweli?"

Darasa zima likacheka. Lakini swali la mama yule si la kuchekwa. Ni swali la maana, na leo tutajaribu kulijibu hatua kwa hatua.

MELI HIZO NI ZA NAMNA GANI?

Usifikirie jahazi, wala boti ya kwenda Unguja. Meli ya watalii ni kama mji unaoelea. Ndani yake mna vyumba vya kulala, majiko, maduka, mabwawa ya kuogelea na kumbi za ngoma. Abiria hulala humo, hula humo, na meli huwapeleka bandari hadi bandari. Asubuhi wako hapa, jioni wameondoka.

Moja ya meli kubwa kabisa za aina hii inaitwa Icon of the Seas. Ilianza kubeba abiria mwezi Januari 2024. Urefu wake ni kama meta 365. Chukua viwanja vya mpira vitatu na nusu, vipange kimoja mbele ya kingine, ndipo utapata urefu wake. Inaweza kuchukua abiria 7,600, na wafanyakazi wake ni zaidi ya 2,300. Jumla ni karibu watu 10,000 katika chombo kimoja!

Meli kubwa kiasi hicho si za kila siku katika bahari yetu. Lakini meli zenye abiria elfu moja, au elfu mbili na zaidi, hufika Zanzibar na Dar es Salaam. Kwa hiyo habari hii si ya mbali.

TUPIGE HESABU

Sasa chukua kalamu na karatasi, tupige hesabu pamoja. Hesabu hii ni ya mfano tu.

Tuseme meli yenye abiria 3,000 imetia nanga mbele ya kisiwa kidogo. Hakuna gati la meli kubwa, kwa hiyo abiria wanashushwa kwa mashua. Kila mashua inabeba watu 20. Je, ni safari ngapi? 3,000 gawanya kwa 20 ni 150. Basi ni safari 150 za kuwaleta na safari 150 za kuwarudisha. Jumla ni 300 kwa siku moja.

Tuseme tena kijiji kina vyoo 10 vya kutumiwa na wageni. Kila mgeni akienda chooni mara moja tu, kila choo kitapata watu 300. Kama wageni wanakaa saa sita, kila choo kitahudumia watu 50 kwa saa. Foleni yake itafika wapi? Na wenyeji wenyewe waende wapi?

Hapo bado hatujataja maji ya kunywa, takataka, wala njia nyembamba za kijiji. Bado hatujamtaja mgonjwa anayetaka kuvushwa kwenda hospitali wakati mashua zote zimekodiwa na watalii.

Sasa unaanza kuona. Mtalii mmoja mmoja hana kosa. Ni mtu mwema, amekuja kutazama na kupumzika. Shida ni wingi wao, tena kwa saa moja na mahali padogo. Mvua ni baraka, lakini mvua ya mwezi mzima ikinyesha kwa siku moja ni mafuriko.

MADHARA YASIYOONEKANA

Kuna mambo mengine yako chini ya maji, na jicho haliyaoni.

La kwanza ni nanga. Nanga ya meli kubwa pamoja na mnyororo wake ina uzito wa tani nyingi. Meli ikizungushwa na upepo, mnyororo huburuzwa chini. Ukipita juu ya matumbawe huyasaga kama mtwangio unavyosaga mahindi. Matumbawe si mawe. Yana uhai. Matumbawe yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kilichosagwa kwa dakika moja kinaweza kuhitaji maisha ya mtu mzima kurudi. Na matumbawe ndiyo nyumba ya samaki. Nyumba ikibomoka, samaki wanahama, na mvuvi anarudi na dema tupu.

La pili ni uchafu. Meli yenye maelfu ya watu hutoa maji machafu mengi kila siku. Sheria za kimataifa zinakataza meli kumwaga maji ya vyooni yasiyosafishwa karibu na nchi kavu. Sharti iwe zaidi ya maili 12 za baharini, yaani kama kilomita 22. Plastiki haziruhusiwi kutupwa baharini mahali popote. Lakini sheria bila msimamizi ni kama mlango bila komeo. Kisiwa kidogo kina boti ngapi za kwenda kukagua?

La tatu ni maradhi. Mwaka 2020, wakati wa korona, Shelisheli ilitangaza kuzizuia meli za watalii. Hospitali za visiwa ni chache, na wagonjwa wakishuka wengi kwa mara moja hazitawamudu. Mwezi Februari 2024, Morisi iliikatalia meli moja kubwa kuingia bandarini kwa hofu ya kipindupindu. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba hakukuwa na kipindupindu, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Huenda wengine walisema Morisi ilikuwa na hofu ya bure. Lakini mwenye nyumba ya makuti ndiye anayeogopa cheche.

FEDHA NAZO JE?

Hapa ndipo palipokuwa na mzizi wa swali la mama yule. Je, watu wengi si ndiyo fedha nyingi?

Si lazima. Kumbuka mtalii wa meli kubwa amekwisha kulipia chakula na kitanda chake ndani ya meli. Akishuka kwa saa chache atanunua soda, kanga, au kinyago. Chakula cha mchana kinamsubiri melini. Mtalii anayelala kijijini hulipa kitanda, hula samaki wa pale, hukodi mashua ya pale, na humlipa kijana wa pale amtembeze.

Tupige hesabu nyingine ya mfano. Watalii 2,000 wanashuka kwa siku moja, kila mmoja anatumia shilingi 5,000. Kijiji kinapata shilingi 10,000,000. Upande wa pili, watalii 50 wanakaa siku nne, kila mmoja anatumia shilingi 60,000 kwa siku. 50 mara 4 ni 200. 200 mara 60,000 ni shilingi 12,000,000.

Umeona? Watu 50 wanaweza kuleta fedha nyingi kuliko watu 2,000, na vyoo vikabaki salama. Ndiyo maana kuhesabu vichwa vya wageni peke yake hakutoshi. Lazima uhesabu na kinachobaki kijijini baada ya wageni kuondoka.

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Nchi mbalimbali zimeweka mipaka, kila moja kwa njia yake.

Katika visiwa vya Galápagos, nchi ya Ecuador, meli za kutembeza watalii haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya 100. Kule Antaktika, kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia, meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha watu. Na hata meli ndogo hairuhusiwi kuwa na zaidi ya watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja. Svalbard, visiwa vya Norway vya kaskazini, tangu Januari 2025 meli zinazoingia katika hifadhi haziruhusiwi kuwa na abiria zaidi ya 200.

Kisiwa cha Bora Bora kiko katika Bahari ya Pasifiki. Tangu 2022 kimeweka kiwango cha watalii wa meli 1,200 kwa siku. Kisiwa cha Santorini, nchi ya Ugiriki, kina wakazi kama 15,000. Kulikuwa na siku ambapo watalii zaidi ya 10,000 walishuka kutoka melini. Mwaka 2025 kiwango cha watu 8,000 kwa siku kikaanza kutumika. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa, tangu Agosti 2021 meli zenye ukubwa wa zaidi ya tani 25,000 hazipiti tena katika mfereji wa katikati ya mji.

Mahali pengine wananchi wenyewe walipiga kura. Mji mdogo wa Bar Harbor uko kwenye kisiwa, jimbo la Maine, Marekani. Mwezi Novemba 2022 wananchi walipiga kura kwamba wasishuke watalii wa meli zaidi ya 1,000 kwa siku. Wenye maduka hawakukubali, wakaenda mahakamani. Lakini katika mji wa Sitka, jimbo la Alaska, ambao nao uko kisiwani, wananchi walipiga kura Mei 2025 na kukataa kuweka mpaka. Walio wengi waliona riziki yao inategemea meli.

Kwa hiyo usidhani jibu ni moja kila mahali. Watu wenye akili zao wameamua hivi, na wengine wenye akili zao wameamua vile.

NYUMBANI KWETU: MAFIA NA CHUMBE

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wetu wa Pwani si Kibaha na Kisarawe tu. Wilaya ya Mafia nayo ni ya mkoa huuhuu. Watu zaidi ya 60,000 wanaishi kule. Ni ndugu zetu, na samaki na nazi zao zinatufikia.

Mafia hakuna gati la kupokea meli kubwa za watalii. Lakini wamekuwa na mpaka wa namna nyingine kwa miaka mingi. Mwaka 1994 Bunge lilitunga Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikatangazwa, ya kwanza nchini. Eneo lake ni kilomita za mraba 822. Ndani yake mna visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na vijiji vyenye watu, siyo maji matupu. Mgeni anayekwenda Utende hulipa kiingilio. Sehemu nyingine ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvua kabisa. Nyingine huvuliwa kwa masharti.

Mpaka huo ulikuwa na uchungu wake. Baruti ilipigwa marufuku, na hilo wengi walilishangilia. Lakini nyavu za kukokota nazo zilipigwa marufuku, na baadhi ya wavuvi waliona wamenyang'anywa riziki ya baba zao. Si haki kulificha jambo hili. Mipaka ina gharama, na gharama hiyo mara nyingi humwangukia mwenye ngalawa.

Hapo ndipo swali la meli kubwa linapokuwa swali la haki. Ukimkataza mvuvi wa Jibondo kukokota juya lake juu ya mwamba, halafu siku moja ukairuhusu meli kubwa iburuze mnyororo wake palepale, utamwambia nini mvuvi yule? Sheria ya kumbana mdogo na kumwachia mkubwa haiheshimiwi na mtu.

Tena Mafia kuna kiumbe wa ajabu, papa potwe. Ni samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anaweza kupita meta 10. Lakini hamdhuru mtu. Chakula chake ni vijidudu vya majini na samaki wadogo. Karibu na Kilindoni huonekana hasa kuanzia Oktoba hadi Februari, na wageni huja kuogelea naye. Potwe hupenda kuelea karibu na uso wa maji. Kwa hiyo moja ya hatari kubwa kwake ni kugongwa na vyombo. Mwenye potwe hana haja ya kukaribisha chombo cha kumuua potwe.

Upande wa Zanzibar kuna kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja. Mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994. Kuna nyumba saba tu za wageni. Maji yao ni ya mvua, yanakingwa juu ya mapaa. Vyoo vyao havitumii maji. Huwezi kuvamia tu na mashua yako. Lazima upange siku mapema, na nafasi zikijaa, zimejaa. Watoto wa shule hupelekwa pale kujifunza habari za bahari.

Na hata wavuvi wetu wenyewe wanajua siri hii. Kisiwa Panza, Pemba, wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa. Hakuna mtu anayemgusa. Wakifungua, pweza wamekuwa wakubwa. Kusubiri kwao ni kama kuweka akiba.

UPANDE WA PILI

Ndugu msomaji, ni vizuri kumsikiliza na yule asiyekubali.

Kijana wa Mji Mkongwe anayetembeza wageni atakuambia, "Meli ikifika nafanya kazi siku hiyo. Isipofika nalala njaa." Mama anayesuka nywele atasema vivyo hivyo. Mwenye teksi naye yumo. Bandari hupata ushuru, na ushuru hujenga barabara na zahanati. Ukizuia meli bila kuwatafutia hawa njia nyingine, umehamisha shida tu.

Kwa hiyo kuweka mpaka siyo kufunga mlango. Ni kusema wangapi, lini, wapi na kwa malipo gani. Kule Uganda, kundi moja la gorila huonyeshwa watu wasiozidi wanane kwa siku, tena kwa muda wa saa moja. Ada yake ni kubwa, na bado watu wanakuja.

SISI WA KIBAHA NA KISARAWE INATUHUSU NINI?

Utasema, "Mwalimu, Kisarawe hakuna bahari. Meli itafikaje hapa?"

Meli haitafika, lakini wageni wanafika. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko kwetu, na Dar es Salaam ipo jirani. Watu wa mjini huja kutembea, kupanda vilima na kuota moto. Tunawapenda waje. Lakini msitu nao una kiasi chake. Njia mpya zikikatwa kila mahali, chupa zikiachwa, moto ukisahauliwa, msitu utakwisha kama unavyokwisha kwa mkaa. Vivyo hivyo Kibaha: kisima, malisho, au soko la kando ya barabara kuu, kila kimoja kina idadi ya watu kinaoweza kuwahudumia.

Basi kijiji kifanye nini? Mambo manne.

Kwanza, hesabuni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni wageni wangapi wamekuja, siku gani, na wameacha shilingi ngapi. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuishika kalamu hiyo.

Pili, tazameni gharama. Nani anazoa takataka? Nani anakosa maji? Kama fedha zinakwenda kwa mmoja na taka zinabaki kwa wote, hapo pana kasoro.

Tatu, jadilini katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hupelekwa kwa wananchi mkutanoni, kisha kwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Msiache kazi hii kwa watu wawili watatu. Akina mama wanaochota maji na vijana wanaotembeza wageni lazima wasikike. Na pale panapokuwa hifadhi ya serikali, kama msitu wetu, kaeni pamoja na wahusika wa misitu.

Nne, mpaka mkiuweka, uwe kwa wote. Usimbane mwenye baiskeli ukamwachia mwenye gari.

Nilimjibu mama yule hivi: "Wale hawamkatazi mgeni. Wanalinda nyumba ili mgeni wa kesho naye akute pa kufikia." Akafikiri kidogo. Kisha akasema, "Basi kumbe ni kama chungu changu. Nikialika watu kumi wanashiba. Nikialika mia, hashibi hata mmoja, na chungu kinapasuka."

Sina la kuongeza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja mambo matatu yanayoweza kuharibika meli kubwa ikifika kwenye kisiwa kidogo.

2. Watalii 1,500 wanashushwa kwa mashua zinazobeba watu 25 kila moja. Ni safari ngapi za kuwaleta?

3. Wananchi wa Bar Harbor na wa Sitka waliamua tofauti. Ungekuwa Mafia, ungepiga kura upande gani? Toa sababu.

4. Katika kijiji chenu, ni mahali gani panapata watu wengi kuliko uwezo wake? Nani anafaidika, na nani anapata hasara?